Binti Yangu Alipojazwa Uso

Binti yangu wa kwanza anauza vitenge hapa Kibaoni, Ifakara, na ni mpole, hata nzi hamfukuzi. Lakini alipovuka hamsini ile mistari miwili inayotoka puani kushuka mdomoni ikazama, akawa kama mtu aliyenuna. Wateja wanamuuliza nani kamuudhi. Wengine hawaulizi, wanapita wanaingia kwa jirani. Likamuuma hilo, mpaka akawa anakaa nyuma ya vitambaa vyake asionekane.

Akasikia Dar kuna sindano ya kujaza uso. Nikamwambia huendi peke yako, nakuja nione kinachoingia humo.

Daktari alikuwa dada mmoja mcheshi, kaniamkia shikamoo, nikajua huyu nitamuuliza mpaka achoke. Akasema si dawa ya ugonjwa, ni kitu kama ute mzito. Cha namna hiyo mwilini tunacho tangu kuzaliwa, kinashika maji ndani ya ngozi, umri ukienda kinapungua. Nikamwelewa hapo hapo. Udongo wetu wa mbugani kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinajifunga zenyewe.

Nikauliza, kwa hiyo ni mara moja tu, kama chanjo ya mtoto? Akacheka. Mwili unakimaliza pole pole, anasema, kwa miezi, wengine hata mwaka na zaidi, halafu mistari inarudi. Na kikiingia vibaya? Hapo hakucheka. Kikiingia kwenye mshipa wa damu kinaziba, nyama inaweza kuoza, hata jicho linaweza kupofuka. Ndiyo maana mtu asichomwe saluni. Yeye anayo dawa ya kukiyeyusha, pale pale mezani.

"Mama, umeniogopesha," binti yangu akasema.

"Mimi nimeuliza tu."

"Basi inatosha, usiulize tena."

Akalala, akachomwa upande mmoja kwanza, akapewa kioo. Mimi nikasogea karibu kabisa. Upande huu binti yangu, upande ule mimi mwenyewe. Daktari akamuuliza kama aendelee.

"Malizia," akasema. "Siwezi kurudi Ifakara nimembeba mama nusu uso."

Tulicheka mpaka daktari akaweka sindano chini.

Siku za kwanza alivimba, baadaye uso ukatulia, akahamishia kiti chake mlangoni mwa duka. Jioni moja akanijia analalamika. Kuna mama wa Idete kambana bei asubuhi nzima. Kila akimkatalia, yule mama anamwambia, "Dada, wewe unakataa huku unacheka."

"Nilikuwa nimekasirika kweli, mama," akaniambia.

Nikamwangalia vizuri. Hata pale aliponiambia alikuwa bado kakasirika, na huwezi kujua.

Kitenge kikaenda kwa bei ya yule mama. Kesho yake wakaja wenzake, wanauliza njiani lilipo duka la dada anayecheka.