Mteja Aliyekuwa Akiitazama Shingo Yangu

Ukikaa kwenye kiti cha saluni, unaangalia nini kwenye kioo?

Nywele zako, si ndiyo?

Yule mama alikuwa ananiangalia mimi. Tena si usoni. Shingoni.

Haya sikusimuliwa na jirani. Yamenikuta mwenyewe hapa Mwanza, na saluni yenyewe iko Mirongo mpaka leo. Ukibisha, njoo usuke.

Naitwa Paskazia. Nasuka kwa Maulida, mwenye saluni. Wateja walinipendea mkono mwepesi na utani. Wengine walikuwa wanakuja na nywele zilizosukwa tayari, ili mradi wacheke.

Halafu kuna kitu kikaniingia.

Kilianza kidogo kidogo. Mtu akicheka pembeni, naona ananicheka mimi. Draya ikiwaka, natamani kuipasua. Mwanangu Dorcas akidondosha kijiko, moyo unanienda mbio utadhani nimefukuzwa na mbwa.

Siku moja binti mmoja akaniambia, "Dada, hapa nyuma umebana. Fumua urudie."

Maneno ya kawaida kabisa. Nimeambiwa hivyo tangu naanza kusuka.

Nikachukua mkasi, nikakata. Rasta pamoja na nywele zake mwenyewe.

Mkasi unatetemeka mkononi. Nilitaka kusema samahani, nikajikuta nasema, "Haya, sasa haibani."

Maulida alimbembeleza yule binti mpaka akatulia, kisha akanivuta uani.

"Paskazia, una nini wewe?"

"Sijui."

"Mimi nimeanza kukuogopa, ujue."

"Hata mimi najiogopa," nikamjibu. Nikalia pale pale kwenye ndoo za maji.

Sasa sikia ya nyumbani.

Tunaishi Igogo. Mume wangu Josephat anachomelea mageti, mtu mpole, hapendi makelele. Aliwahi kuoa kabla yangu. Wakati ananichumbia alinieleza habari za yule mwanamke kwa kifupi sana. "Alikuwa na pepo la hasira. Siku moja akataka kunichoma na pasi. Nikamrudisha kwao."

Sikuuliza zaidi. Nani anachokonoa habari za mke aliyeondoka? Hata jina sikulitaka.

Asubuhi moja Dorcas akamwaga uji kwenye sare ya shule. Bahati mbaya tu, ya mtoto. Niliponyanyuka nilikuwa na mwiko mkononi, umejaa uji wa moto, na mkono ulikuwa tayari juu ya kichwa chake.

Josephat akaudaka.

Dorcas alikuwa ameshaingia chini ya meza. Hakulia. Alinitazama kutoka kule chini kama anavyotazamwa mtu asiyefahamika. Mwanangu mwenyewe! Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni.

"Na wewe umeanza," Josephat akasema.

Nilijua maana yake.

"Nitawapigia kaka zako Misungwi. Jumamosi waje wakuchukue upumzike kwenu."

"Na Dorcas?"

"Dorcas anabaki."

Akatoka. Hakupandisha hata sauti. Ningeona afadhali angenigombeza.

Kufikia wiki hiyo yule mama alikuwa ameshaizoea saluni yetu.

Alikuwa mtu wa makamo, anauza dagaa huku kwetu Igogo, karibu na ziwa. Shingoni amefunga skafu, jua liwake lisiwake. Anataka kusukwa na mimi tu. Mara ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Macho kwenye kioo. Kwenye shingo yangu.

Aliporudi ndipo akaanza maswali.

"Usingizi unapata?"

"Kiasi."

"Chakula?"

Hapo nilikuwa nakula kama mbeba mizigo na bado nakonda. Nikaendelea kusuka.

"Sketi yako umeibana na pini," akasema taratibu. "Ilikuwa inakutosha hiyo. Na wenzako wamevaa sweta, wewe peke yako unatokwa jasho. Moyo nao unakusumbua, au?"

Kitana kikanidondoka.

Jamani, habari za moyo sikuwa nimemwambia mtu. Si Maulida, si Josephat. Huyu mama kazitoa wapi?

Alipoondoka, wenzangu wakanisogelea. "Paskazia, shtuka. Anayeujua ugonjwa wako kabla hujausema, kaujulia wapi?" Hawakumalizia. Huku kwetu haina haja ya kumalizia.

Tangu hapo niliona kila kitu wazi. Hasira zangu, mikono kutetemeka, ndoa yangu inavyovunjika: ni yeye. Nikawa namwogopa hata akiwa hayupo. Nikisikia harufu ya dagaa, nywele zinanisimama.

Ijumaa akaja tena. Kesho yake kaka zangu wanafika. Sikuwa nimelala, kichwa kinawaka.

Nilimfumua nikiwa nimeng'ata meno. Nilipoinama kuchukua mafuta, akageuka kwenye kiti, akanyoosha mkono, akanigusa shingo. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Bado haijawa kubwa," akasema.

Nilipiga kelele ambayo sikujua kama ninayo.

"Mchawi! Huyu mama mchawi! Ananiua!"

Akanyanyuka, akakimbilia nje, kichwa nusu kimefumuliwa. Nikamfuata huku nalirudia neno lile. Mafundi viatu wakasimama. Bodaboda wakaacha pikipiki zao. Ndani ya muda mfupi wamemzunguka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye!"

Nitasema ukweli: niliona raha. Mwili mzima ulikuwa unataka apigwe.

Halafu nikamwona kijana mmoja anaokota jiwe. Jiwe lenyewe kubwa, kalishika kwa mikono miwili. Raha yote ikanitoka. Nilitaka kusema basi, sauti haitoki. Neno nililolitoa mimi lilikuwa halinisikilizi tena.

Mtu akamvuta ile skafu. Ikafunguka.

Kovu. Limekatiza shingo, upande huu mpaka upande ule.

"Huyu alichinjwa akapona!" mtu akapayuka, na wote wakarudi nyuma.

Yule mama hakuwatazama. Alinitazama mimi. Alikuwa anatetemeka, ila sauti yake haikutetemeka.

"Mdogo wangu, shika hapo shingoni. Halafu meza mate."

Mkono ukanyanyuka wenyewe. Nikameza.

Kitu kikapanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Laini, saizi ya ndimu ndogo. Kimelala ndani ya ngozi yangu, kina raha zake. Nashinda mbele ya kioo kutwa nzima, sijawahi kukiona.

"Na mimi nilikuwa nacho," akasema. "Madaktari walikitoa. Hilo ndilo kovu."

Maulida akapasua kundi, taulo begani. "Atakayemgusa huyu mama aanze na mimi! Jiwe hilo weka chini, mpumbavu wewe!" Akatuvuta ndani wote wawili, akafunga mlango.

Nilikaa chini, sakafuni kwenye manyoya ya rasta.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Kule kijijini nilimwambia binti mmoja shingo yako inaanza kuvimba, nenda ukapimwe. Ilipovimba kweli, ndugu zake wakasema mimi ndiye niliyeivimbisha. Wakanichomea nyumba." Akaikunja skafu yake mkononi, hakuifunga. "Kwa hiyo kwako nilianza na maswali. Nilitaka kwanza kuwa na hakika."

Mchana ule ule akanipeleka hospitali. Mimi niliyetaka auawe, yeye ndiye aliyenishika mkono kuvuka barabara.

Nesi alinipima mapigo ya moyo, akashtuka, akarudia. Daktari akanipapasa shingo, akaagiza damu ipimwe. Akasema tezi ya shingoni inaonekana inafanya kazi kupita kiasi, na ikiwa hivyo mwili mzima unakwenda mbio: moyo, jasho, njaa, mpaka hasira.

"Mpaka hasira?" nikauliza.

"Mpaka hasira, mama."

Nililia mpaka nikaona aibu.

Maulida alikuwa ameshampigia Josephat. Tukawa tunamsubiri kwenye benchi, mimi na yule mama.

"Wewe mumeo alikuvumilia?" nikamuuliza.

Akatabasamu kidogo. "Alinirudisha kwetu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemnyanyulia pasi ya moto."

Pasi.

Nikageuka kumtazama. Kabla sijafungua mdomo, Josephat akatokea kwenye korido, mbio, na miwani yake ya kuchomelea bado iko kichwani. Akasimama ghafla.

"Evelina?"

"Ni mimi," yule mama akasema. Kisha akanigeukia. "Nisamehe. Siku ya kwanza nilikuja nimuone tu mwanamke aliyekaa kwenye nafasi yangu. Nilikuwa na wivu wangu. Nikakaa kwenye kiti, nikaiona shingo yako."

Josephat alitazama kovu la yule, akatazama uvimbe wangu. Sijawahi kumwona mwanamume amesimama akiwa hana pa kuweka mikono.

"Huyu usimrudishe kwao," Evelina akamwambia. "Kila daktari akisema arudi, mrudishe hapa."

Josephat akakaa chini, kwenye sakafu ya hospitali, akaziba uso.

Jumamosi kaka zangu walifika. Josephat aliwapa chakula, akawaeleza, wakaondoka bila mimi.

Majibu ya damu yalikuwa vile vile alivyosema daktari. Nikaanza vidonge. Nisikudanganye, hasira haikuondoka siku moja. Zilipita wiki kadhaa ndipo moyo ukaanza kutulia. Nikihisi inapanda, naweka mkasi chini, namwambia mteja "nakuja", natoka uani mpaka ishuke. Siku Dorcas alipovunja kikombe na hakuingia chini ya meza, nilijua napona.

Evelina bado namsuka. Siku hizi anakuja bila skafu.

Yote haya nayaandika kwa sababu ya jana.

Jana nilimsuka binti mmoja. Katukana simu, kamtukana Maulida, kanitukana mimi, halafu akaanza kulia na hajui analia nini. Mikono inamtetemeka. Nikainua macho kwenye kioo, nikaitazama shingo yake.

Nikamkumbuka yule kijana na jiwe lake. Niliogopa, wallahi niliogopa. Ningeweza kunyamaza, nikamaliza nywele zake, akaenda zake.

Nikaweka kitana chini, nikashusha kola yangu aone shingo yangu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hebu meza mate."

Akanitazama kwenye kioo kwa macho ninayoyajua vizuri. Kisha, taratibu, akameza.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtu wako aliyebadilika ghafla, mkali, anakonda, hatulii, kabla hujatafuta aliyemloga au hujamfungashia mizigo, mpeleke apimwe. Na akitokea mtu wa kukwambia ukweli kuhusu mwili wako, usimuulize kwanza kaujuaje.