Roli la Kaboni Kwenye Friza ya Mbuzi

Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu hapa mtaani Jericho kisa hiki kimetiwa chumvi mpaka wengine wanasema nilifutwa kazi kwa kuuza mbuzi. Aibu ni yangu, niacheni niibebe kwa mikono yangu.

Mimi hutengeneza mabawa. (Ndiyo, ya ndege, zile ndogo zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitali za mbali, na tunayatengeneza papa hapa Industrial Area, msinitazame hivyo.) Tunatumia nyuzi za kaboni zilizokwisha kulowekwa gundi: unazitandika tabaka juu ya tabaka, unanyonya hewa yote, unazioka kwenye tanuri, na linatoka bawa unaloliinua kwa kidole kimoja lakini ukilikalia halipindi. Katika karakana yetu hakuna anayenishinda kutandika, na hilo nalisema bila haya.

Shida ni kwamba nyuzi hizo lazima zikae kwenye friza mpaka siku ya kazi, la sivyo gundi inaanza kukauka. Sasa Jumamosi moja, na Jumatatu yake mkaguzi anakuja kuamua kama tutapewa kazi ya mwaka mzima, stima ikapotea, jenereta ikagoma, bosi wangu Wairimu yuko safarini, na tumebaki na roli moja tu la nyuzi zilizoviringishwa. Nikajifanya mjanja. Nikamkumbuka Anko Kioko, ndugu ya mama, mwenye bucha soko la Burma, ambako stima haikupotea, na friza inayogandisha mbuzi mpaka wanagongana kama mawe. Nikalifunga roli vizuri, nikampelekea, nikamwambia, "Anko, tafadhali, lisiguswe." Akasema, "Mwende, enda nyumbani ulale, mimi niko."

Jumatatu mkaguzi akafika mapema, mama mmoja mpole mwenye daftari, akauliza nyuzi ziko wapi. Nikajibu, "Ziko Burma." Wairimu, aliyekuwa amerudi usiku, alinikata jicho hilo! Mkaguzi akasema basi twende wote, tukaenda na makoti yetu meupe, tukapanga foleni na watu waliokuja kununua matumbo.

Anko akatoka na tabasamu, kila mkono umeshika kipande. Vipande viwili! "Lilikuwa refu, mlango ukakataa kufunga, nikalipitisha kwenye msumeno wa mifupa. Ona nilivyokata sawasawa!" Plastiki imechanika, mafuta ya mbuzi yamegandia kwenye nyuzi, na bucha nzima ikaangua kicheko, mzee mmoja akauliza kama hiyo inaliwa na kachumbari. Woi! Nilitamani ardhi inimeze.

Wairimu akaninong'oneza, "Pangusa, kata palipoharibika, tutandike leo. Hii kazi itatuponyoka." Na haki ya Mungu bawa lingetoka likimetameta, hata mkaguzi asingeona kasoro kwa macho. Lakini gundi haishiki kwenye mafuta, tabaka zingeachana huko juu, na mgonjwa angengoja damu ambayo haifiki. Nikasema kwa sauti, mbele ya foleni yote, "Hii haitaruka," nikavitupa vipande vyote viwili kwenye pipa la mifupa. Anko akaninunia. Wairimu akafumba macho.

Mkaguzi akafunga daftari. "Leo sijaona bawa lolote," akasema. "Nitarudi roli jipya likifika. Na atakayetandika awe huyu."

Alirudi, nikatandika, kazi tukapata, na mabawa yangu yako angani mpaka leo.

Lakini nimeapa: stima ikipotea tena, naripoti, naketi, na roli liharibike likiwa papo hapo karakanani. Burma naenda na njaa yangu tu. Na Anko Kioko, siku hizi, kabla kisu hakijagusa nyama yangu, hunyamazisha bucha nzima na kuuliza, "Injinia, nikate wapi?"