Walivyomfuta Mama Mdogo Dukani

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mama mdogo alifutwa.

Sijakosea kuandika. Hakufa. Alikuwa amekaa palepale mezani, kikombe mkononi, anapuliza chai. Aliyefutwa ni yule wa kwenye skrini.

Ngoja nianze vizuri. Nikisimulia kwa papara nitawachanganya, na papara ndiyo ugonjwa wangu. Mtaona.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anapiga picha za eksirei hospitalini. Miaka ishirini na kitu kazi yake ni kuwaambia watu "vuta pumzi, usiiachie." Nyumbani anachora. Ni mtu wa kimya. Ukimuuliza habari atakujibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua.

Mwaka jana aliugua. Saratani ya titi. Wakalikata la kushoto.

Walijua mumewe na madaktari, basi. Hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja, hakuambiwa.

Mimi nilijua kwa sababu alinihitaji.

"Bwana Simu, njoo hapa. Nina kazi na hiyo simu yako iliyoota mkononi."

Nilipofika akaingiza mkono ndani ya gauni, upande wa kushoto, akatoa flashi kwenye kimfuko cha ndani.

"Mama yako kazeeka," akasema. Magauni yake yote anashona mama yangu, fundi cherehani. "Siku hizi ananiachia mifuko ndani isiyo na kazi. Nikaamua kuipa kazi."

Kwenye flashi kulikuwa na gemu. Mama mdogo katengeneza gemu! Kajifunza mwenyewe, mwaka mzima, kimyakimya.

Gemu lenyewe liko hivi. Kuna nyumba moja, mume na mke wenye miaka hamsini na ushee. Mke katoka hospitali. Wewe mchezaji ndiye mume. Kila chumba una jambo la kuomba: umshike mkono, umfunge zipu, ukae kitandani kwake. Unaomba, halafu unasubiri. Ukibonyezabonyeza, mlango unajifunga na unaanza upya.

Siku ya kwanza nilifungiwa mara kumi na moja.

Chumba cha mwisho kina kioo. Mke anavua blauzi. Unaona kovu.

Lilikuwa lake mwenyewe. Kajichora mbele ya kioo, mstari kwa mstari.

Nikaangalia ukuta.

"Ni la watu wazima," akasema. "Uandike hivyohivyo. Sitaki kumdanganya mtu."

Basi nikaweka maneno sawa, nikalipandisha kwenye duka la magemu mtandaoni, upande wa watu wazima. Fomu yote nilijaza mimi. Hapo pa fomu pakumbukeni.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu.

"Jumapili ya wiki ijayo mama yako anakuja. Nitampa acheze. Mwaka mzima maneno yamenishinda. Akifika chumba cha mwisho atajua."

"Si ungemwonyesha tu picha?"

"Nataka alione dukani, lina jina langu, watu wanalichukua. Nisionekane naomba huruma."

Likakaa dukani siku tisa. Halafu ikaja Alhamisi.

Mimi ndiye niliyefungua ukurasa. Mtupu. Nikauvuta chini ujipakie upya. Mtupu. Nikazima simu, nikawasha. Kisha meseji ikaingia:

"Mchezo wako umeondolewa. Una maudhui yasiyokubalika kwa washirika wetu wa malipo."

Mama mdogo akaisoma mara mbili. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Washirika wa malipo ndio nani?"

"Watu wa kadi, mama mdogo. Wanaopitisha hela mtu akinunua."

"Wao na kifua changu wanahusiana nini?"

Nikaona mkono wake umepanda wenyewe, umefunika upande wa kushoto.

Nikazama mtandaoni. Kumbe huko moto unawaka! Kuna kikundi kimezibana kampuni za kadi, nazo zimelibana duka: ondoeni magemu fulani ya watu wazima, orodha hii hapa, la sivyo malipo hatupitishi. Duka likaingiwa na woga, likafyeka. Yaliyostahili na yasiyostahili, yote chini. Watengenezaji wanalia kila kona.

Nikapiga simu kampuni ya kadi. Nikawekewa muziki dakika arobaini. Natembea kutoka sinki mpaka mlangoni, mlangoni mpaka sinki. Mama mdogo akasema utachimba mfereji.

Akapokea dada mmoja mpole.

"Sisi hatujafuta kitu, kaka. Sisi ni kadi tu. Waulize duka."

Nikawaandikia duka.

"Tunasikitika. Ni masharti ya watu wa kadi. Waulize wao."

Nikapiga tena.

"Kaka, ni wewe tena?"

"Ni mimi tena, dada. Mmenifanya mpira."

"Pole sana. Lakini goli haliko kwetu."

Jamani! Mtu kafutwa, na hakuna aliyemfuta.

Ijumaa niliporudi kwake nilikuta kioo cha chumbani kimefunikwa shuka.

"Mbona umekifunika?"

Alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka.

"Nilikuwa najiuliza kama kovu langu linatisha. Nimejibiwa."

"Nani kakujibu?"

"Watu wanaoona picha za kila aina kutwa nzima. Wameona zote, yangu ndiyo wakasema haifai." Akakunja blauzi ileile mara ya pili. "Mpigie mama yako. Mwambie Jumapili asije. Sitaki tena ajue, leo wala kesho."

Ndipo nikaelewa kinachopotea si gemu. Huyu mtu alikuwa anajifungia ndani, na funguo anatupa.

Sikumpigia mama. Nilijiambia nimesahau.

Jumamosi nikakaa niandike rufaa. Nikafungua fomu yangu ya mwanzo nikope maelezo. Jina, sawa. Picha, sawa. Nikashuka mpaka chini.

Lebo.

Lebo ni yale maneno unayobandika ili wateja wakupate wakitafuta. Mimi nilikuwa na lebo ishirini na mbili.

Nilizitoa wapi? Ah. Siku ile nilijiona mjanja. Nikaenda kwenye gemu linaloongoza kwa mauzo upande ule, nikakopi lebo zake zote, nikapesti. Sikuzisoma. Zilikuwa kwa lugha ya kigeni, nami naijua nusunusu, na nilikuwa na haraka.

Sasa nikaanza kuzitafsiri kwenye simu, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza: ndoa. Safi.

Ya tano: mapenzi ya watu wazima. Safi.

Ya kumi na saba.

Nikaitafsiri mara ya pili.

Kumlazimisha mtu. Ndiyo maana yake. Na ndiyo ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha ya vitu ambavyo watu wa kadi walisema hawavitaki.

Gemu la mume anayeomba ruhusa hata ya kushika mkono! Nimelibandika lebo ya kulazimisha! Mimi, kwa vidole vyangu hivi!

Na lile gemu nililokopi? Nikaenda kulitazama. Lipo. Mwenyewe kabadilisha lebo siku ileile ya kelele, anaendelea na biashara kama kawaida.

Nitawaambia ukweli, shetani alinikalia begani. Ningeweza kuifuta lebo kimyakimya, kuandika rufaa, gemu lirudi, niitwe shujaa. Nani angejua?

Lakini lile shuka kwenye kioo. Kila nikifumba macho naliona.

Nikaandika rufaa ya kweli: lebo nilikopi mimi, mwenye gemu hana kosa. Baada ya saa moja wakajibu, na safari hii aliandika mtu, siyo mashine:

"Asante kwa kutufafanulia. Mfumo wetu uliondoa mchezo huu kwa kusoma lebo. Hakuna mhakiki wetu aliyeufungua. Tutaufungua sasa, tafadhali subirini."

Hakuna aliyeufungua.

Nikaisoma mpaka herufi zikawa zinacheza.

Jumapili asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta anafagia sebule. Nikamwambia yote bila kupumua, halafu nikampa simu asome mwenyewe.

Akasoma.

"Yaani hawajaniona?"

"Hawajakuona, mama mdogo. Hakuna jicho la mtu lililofika kwenye kile kioo."

"Kwa hiyo nimejificha mwenyewe siku tatu nyumbani kwangu, kwa hukumu ya watu ambao hawajawahi kuniona."

"Ndiyo."

"Na aliyewaambia kwangu kunalazimishwa watu ni wewe."

"Ndiyo, mama mdogo."

Kandambili ilinipata sikioni. Ya pili nikaikwepa.

"Kichwa maji wewe! Miaka yote uko na simu, kusoma hujui?"

Halafu akaketi kwenye mkono wa kochi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akalia kweli. Kisha vyote viwili.

Hapohapo hodi ikabishwa mlangoni.

"Hamsikii humu? Nimesimama mpaka miguu imevimba!"

Mama yangu. Futikamba shingoni kama kawaida, mfuko wenye gauni jipya mkononi.

Mama mdogo akanitazama. "Hukumwambia asije?"

"Nilisahau."

"Ulisahau." Akachukua kandambili ya pili ilipoangukia, akaivaa. Akavuta pumzi, kama vile anavyowaambia wagonjwa wake, na hakuiachia. Akachukua tableti yake, ambamo gemu lilikuwa bado limo, akampa mama.

"Dada, kaa hapa. Cheza hiki."

"Mimi na magemu wapi na wapi?"

"Cheza tu."

Mama akavaa miwani. Akaingia chumba cha kwanza, akaomba, akasubiri. Mlango ukafunguka. Cha pili, akasubiri. Cha tatu. Mimi nilifungiwa mara kumi na moja, yeye hakufungiwa hata mara moja. Anakaa tu, mikono mapajani, kama anangoja pasi ipate moto.

Akafika kwenye kioo.

Mama mdogo alikuwa amesimama dirishani, katupa mgongo. Mimi sijui niweke wapi macho, nikayaweka kwenye simu iliyozima.

Mama akaisogeza tableti karibu. Akavua miwani.

"La kushoto," akasema. "Nilijua ni la kushoto."

Mama mdogo akageuka kama aliyechomwa sindano. "Ulijua?"

"Miaka ishirini nakupima kwa mikono hii. Mwaka jana ukaanza kuniletea vipimo kwenye karatasi. Nikasema, kuna mahali hataki nipaguse. Ulipokuja umevaa gauni la kwanza nikaona kitambaa cha kushoto kimelala."

"Mwaka mzima! Kwa nini hukuniuliza?"

"Hukunifungulia. Nikasubiri."

Mama mdogo akasogea kutoka dirishani.

"Sasa ile mifuko ya ndani ninayokushonea," mama akaendelea, "ulidhani ni ya nini?"

Mama mdogo akaingiza mkono ndani ya gauni, kushoto. Akaitoa ile flashi, akainyoosha kama mtoto aliyekamatwa na peremende.

"Naweka hii."

Mama akaitazama. Akamtazama mdogo wake.

"Mwaka mzima nakushonea mfuko wa kuweka sponji, usawazishe kifua, wewe unaweka flashi?"

Wacha wacheke! Walicheka mpaka mama akashikilia meza. Kisha akaifungua ile futikamba shingoni, akasimama mbele ya mdogo wake, hajamgusa.

"Nikupime?"

Mama mdogo akainua mikono.

Mimi nikatoka nje. Nilipopita chumbani shuka lilikuwa bado kwenye kioo. Nikalivuta.

Gemu lilirudi baada ya wiki mbili. Ukilitafuta dukani halitokei, mpaka mtu akutumie kiungo. Kwa nini? Duka wanasema kadi, kadi wanasema duka. Lebo sasa ni tatu, kazichagua mama mdogo mwenyewe: ndoa, ugonjwa, kusubiri.

Wewe unayemjazia mwenzio fomu, isome mpaka lebo ya mwisho. Na wewe uliyefungiwa mlango, usikimbilie kioo kujikagua sura. Uliza kwanza kama nyuma ya huo mlango kuna mtu.