Kuongeza Kasi ya Kompyuta katika Joto la Voi

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya tisini, Bi Zuhura alinikabidhi kitambaa, si kompyuta. "Anza na vumbi, Wakesho," aliniambia. "Vumbi la Voi halina adabu." Alikuwa mjane wa familia ya Waswahili wa pwani, na duka aliloachiwa na mumewe karibu na soko alikuwa ameligeuza kuwa la uchapaji. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi wa kompyuta Mombasa, nikidhani nitachapa barua za ofisi na mitihani ya shule.

Tulichapa hayo pia, lakini zaidi tulichapa ratiba za mazishi. Miaka ile vijana walikuwa wakifa sana, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu walishuka kutoka milima ya Taita na picha ya marehemu ndani ya bahasha, wakaketi kwenye benchi kungoja. Picha ikishaingia kwenye kompyuta, kila nilipoisogeza au kuipunguza ilichukua muda mrefu kujichora upya. Wengine walikosa gari la mwisho la kurudi Mwanda, kule milimani.

"Hakuna njia ya kuihimiza mashine hii?" Bi Zuhura aliuliza.

Ilikuwepo. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na zamani zile kasi yake ilipangwa kwenye ubao mkuu kwa vifuniko vidogo vya plastiki tulivyoviita jampa. Ukizihamisha, prosesa ya megahezi 166 iliweza kwenda kwa 200. Lakini kasi huleta joto. Kwanza niliweka nakala za kazi zote kwenye disketi. Nikang'oa plagi, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu kitu, nikachora jampa zilivyokaa ili nijue pa kurudi. Kisha nikapanda ngazi moja tu. Volteji, yaani nguvu ya umeme inayoingia kwenye prosesa, sikuigusa. Nikapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, nikafunga feni kubwa zaidi, nikaiacha ifanye kazi nzito mchana kutwa, jua likichoma mabati ya duka. Haikuganda. Ingeganda hata mara moja, ningerudi nyuma bila ubishi.

Mwaka uliofuata misiba iliongezeka, na Bi Zuhura akataka kasi zaidi.

"Hapa ndipo mwisho wake, Bi Zuhura. Kwa joto hili itaungua."

"Watu wanalala stendi na maiti zao zinangoja, mwanangu. Wataka niwaambie nini?"

Alimwita fundi wa Mombasa, naye akapandisha kasi na volteji pamoja. Kwa siku chache mashine ilikwenda mbio kweli. Kisha, adhuhuri moja, kioo kikawa cheusi na harufu ya kuungua ikajaa duka. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Mwanda, aliyeleta picha ya binti yake.

Tulitoa stoo kompyuta kuukuu, nikaingiza picha upya. Ilianza kujichora kutoka juu, mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, nyusi. Nilimwomba yule mama radhi kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, nikamwambia ninajitahidi iende haraka.

"Usiiharakishe, mwanangu," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Ikimaliza, naenda kumzika."

Bi Zuhura aliniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Aliketi kando ya yule mama, akamshika mkono, wakatazama pamoja macho ya binti yakitokea, halafu pua, halafu mdomo. Gari la mwisho lilimwacha yule mama, akalala nyumbani kwa Bi Zuhura. Neno la kasi halikutajwa tena dukani.

Nilikaa pale hadi duka lilipofungwa, kisha nikafundisha kompyuta katika shule moja ya Taveta mpaka nikastaafu. Vijana bado huniuliza namna ya kuongeza kasi ya prosesa. Huwaambia wapande ngazi moja moja, wapime joto, wasikimbilie volteji, wajaribu saa ya jua kali. Hunisikiliza kwa heshima, ingawa mashine zao sasa hujipandisha zenyewe. Kila kitu kimekuwa chepesi. Siku hizi picha ya marehemu hufika kwenye simu zetu kabla mama yake hajapata pa kuketi alie.