Finjani ya Khalaf

Ami yangu Harub alipoteuliwa kuiwakilisha Ibra, hapa Oman, katika Baraza la Ushauri, mwaka 1983, sisi tuliotoka naye Unguja tulivimba vichwa. Karani wa zamani wa forodha, leo mjumbe! Alinunua hata bishti mpya, lile joho la wakubwa.

Wiki ya kwanza tu akaja Khalaf, mzee wa Hail, kijiji kilicho ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Mimi ndiye niliyepika kahawa. Khalaf akapokea finjani, akaiweka chini bila ya kuinywa. Ami akasubiri, kisha akaniita.

"Badriya, mwanangu, mzee hanywi kahawa. Lete chai ya maziwa, na vitumbua."

Nikaleta. Havikuguswa. Akaagiza sharubati. Mgeni akamtazama kwa muda, akaaga, akaenda zake.

"Mtu wa haya huyu," ami akasema, akajilia vitumbua mwenyewe.

Jirani yetu Marhoun, mzaliwa wa Ibra, alipokisikia kisa hicho alishika kichwa. "Wallahi, Harub! Mtu akiiweka finjani chini ana haja. Hainywi mpaka umwambie, kunywa, haja yako nimeikubali. Wewe umemfukuza kwa vitumbua!"

Na haja yenyewe, tulivyokuja kujua, ilikuwa zahanati. Wadi likijaa, mjamzito wa Hail hana njia ya kufika Ibra. Mwaka ule walikuwa wamekufa wawili. Orodha ya mahitaji ya vijiji ilikuwa iende Maskati Jumamosi, na siku hiyo ni Alkhamisi. Ami, kwa aibu, akasema atapeleka barua ya kumwomba radhi mzee.

"Barua ya nini?" nikamwambia, maana nilikasirika kweli. "Muungwana ni vitendo, ami."

Alininunia, lakini alitia gari moto.

Huko Hail walimpokea, mgeni ni mgeni, wakammiminia kahawa. Marhoun aliyefuatana naye anasema ami aliiweka finjani chini. "Leo mwenye haja ni mimi," akasema kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani. "Sinywi mpaka mniambie mnataka nini." Khalaf akacheka mpaka akakohoa, kisha akaeleza yote.

Barazani ami alisimama kusema. Alikosea maneno, wengine wakatabasamu. Akayataja majina ya wale wanawake wawili, na tabasamu zikakoma. Baraza likapendekeza, serikali ikakubali, zahanati ikajengwa.

Mwisho wa 1985 redio ikasoma majina ya wajumbe wapya. Lake halikuwemo. Aliizima, akaenda kumwagilia mitende, nami nikamuonea uchungu.

Siku chache baadaye Khalaf akaja na bintiye, ndio kwanza katoka arubaini, na mtoto aliyezaliwa zahanati siku wadi lilipofurika. Ami akampakata, akalia mbele ya watu wote.

"Basi, ami, mrudishe kwa mamake, unamlowesha."

"Niache," akanijibu. "Mie hapana mtu aliyepata kunipigia kura. Huyu ndiye wa kwanza."