Kiuno Kilichopungua

Fundi cherehani mmoja watu walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka hata sketi ikirithiwa na wadogo watatu. Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita, mpole, mpenda hesabu. Mwaka ule binti akabadilika. Akirudi shule anajifungia chumbani, nywele hazichani, chakula anakigusagusa tu.

Mama Pindo aliuliza huku na huko. Mwalimu wa darasa akasema ni uvivu. Wifi yake akacheka: "Umri huo, wifi! Unamdekeza. Sisi tulipata wapi nafasi ya huzuni? Tulikuwa na majembe." Mama Pindo akajipa moyo kwamba penye wengi hapaharibiki neno, naye akamwambia binti aache kudeka.

Mchana mmoja alimwita dukani kwake ampime sketi mpya ya shule. Akazungusha futi kiunoni, akasoma, akarudia. Inchi nne zilikuwa zimekwenda tangu mwanzo wa mwaka.

"Usinishonee, mama," binti akasema, macho kwenye vitambaa. "Utapoteza kitambaa bure."

"Bure kwa nini?"

"Muhula ujao sidhani kama nitakuwepo."

Futi ikamponyoka mkononi. Mteja alikuwa benchini akingoja kujaribu gauni lake la harusi. Mama Pindo akamwomba radhi, akamtoa, akafunga mlango. Kisha akauliza bila kuzunguka: "Mwanangu, unataka kujiua?"

Binti akaitikia kwa kichwa, na kilio alichokizuia miezi kadhaa kikamtoka. "Nimechoka, mama. Niliogopa utasema nadeka."

"Nilishasema. Nisamehe."

Wakaenda zahanati papo hapo, wameshikana mikono kama watoto. Karani wa mapokezi akamtazama binti juu hadi chini. "Anaumwa wapi? Mbona mzima huyu?"

"Anaumwa ndani. Na hatubanduki hapa mpaka aonwe."

Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita na faili zake akasimama. Akawaingiza kwenye kachumba nyuma ya dirisha la dawa, akamsikiliza binti saa nzima bila kumkatiza, kisha akawapeleka kwa daktari anayetibu maradhi ya namna hiyo. Walipotoka, Mama Pindo alihisi miguu imekuwa myepesi. Mtoto hakuwa amepona, lakini siri ilikuwa imetoka, na walioibeba sasa walikuwa wengi.

Matibabu yalikwenda polepole. Wiki nyingine mbele, nyingine nyuma. Wifi hakuacha maneno. "Mwambie ajikaze!"

"Wifi, nguo ikichanika huiambii ijikaze. Unaishona."

Mwezi wa nne wa matibabu, alasiri, binti aliingia dukani na mkoba begani, akaketi juu ya robota la kitambaa, akaanza kumlalamikia mwalimu wa hesabu aliyekosea swali ubaoni na kukataa kusahihishwa. Alilalamika mpaka akacheka. Mama Pindo alisikiliza kwa raha hata akashona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, na alipogundua hakukasirika. Akachukua wembe, akaanza kuufumua taratibu.

"Enhe," akasema, "halafu ukamjibuje?"