Sanduku la Maombi la Mama Chapa

Walimwita Mama Chapa kwa sababu tangu wamjue alikuwa akipiga chapa. Alianza na mashine ile ya zamani kwa vidole viwili, akahamia kwenye kompyuta, na vidole vikabaki viwili vilevile. Kibanda chake kilibanana kati ya duka la vioo na chumba cha jirani yake, fundi cherehani, na ndani mlienea meza, printa na mteja mmoja mwenye subira. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na sita. Wanawe walikuwa wameshaoa na kuhamia mbali. Lakini usimhurumie haraka, maana ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wa jirani.

Kazi yake kubwa ilikuwa barua. Watu walikuja wamefura: mwenye nyumba kawakatia maji, ofisi ya ardhi imepoteza faili, mwalimu mkuu kamfukuza mtoto. Wakamwaga yao yote, yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, umeshatoa moshi. Sasa tuandike barua itakayosomwa." Katika barua itakayosomwa, "mmetudhulumu" iligeuka "tunaomba ufafanuzi", na "mna roho mbaya" iligeuka "kwa heshima na taadhima". Aliye juu mngoje chini, na ukimngoja, mngoje kwa maneno laini. Barua zake zilijibiwa. Za wengine zilifungiwa karanga.

Lawama yangu kwake ni moja tu, na naisema mapema: alifikiri Mungu naye ana ofisi.

Kanisani kwao kulikuwa na sanduku la mbao karibu na mlango. Mwenye shida aliandika ombi lake bila jina, akatumbukiza. Kila Alhamisi Mama Chapa alilifungua, akayapiga chapa maombi yote kwenye karatasi moja, na Jumapili mzee wa kanisa akayasoma mbele ya watu, nao wakaitikia amina. Alilifanya hilo miaka tisa bila kukosa. Na miaka yote tisa alikuwa akiyanyoosha. Mtu akiandika "Mungu, nimekukosea nini?", yeye aliandika "Anaomba kuyaelewa mapenzi ya Bwana." Aliona aibu kwa niaba yao. Mumewe alipofariki, yeye hakumwuliza Mungu hata swali moja. Alisema asante, akazika, Jumatatu akafungua kibanda. Alijivunia hilo, na kila aliyemsikia akijivunia alimsifu, kwa hiyo nani angemwambia kwamba usiku alikuwa akisaga meno?

Basi Alhamisi moja ya mvua akakuta karatasi nne. Ya tatu ilikuwa kipande cha karatasi ya kukatia mitindo ya nguo, imeandikwa kwa penseli.

"Mungu, mwaka wa pili huu nakulilia. Mume wangu hajigeuzi kitandani. Mgongo umeoza, ndugu zake wameacha kuja kwa sababu ya harufu. Peke yangu simwezi. Umelala? Kama hutaki kumponya, basi leta hata mtu mmoja wa kunishikia upande wa pili."

Mama Chapa hakuhitaji jina. Nyuma ya ukuta wa mbao, cherehani ilikuwa ikikimbia. Alijua mume wa jirani anaumwa mgongo, na kila asubuhi aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na fundi akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Hakujua kuwa mambo yamefika huko. Alisimama aende. Akaketi tena. Maombi ya sandukuni hayana mwenyewe, ndiyo kanuni. Akienda kubisha, jirani atajua ametambuliwa, na nani tena atathubutu kuandika? Zaidi ya hayo, lile neno "Umelala?" lilikuwa limemchoma. Mungu haulizwi hivyo. Akaweka vidole vyake viwili, akapiga: "Dada mmoja anamshukuru Mungu kwa neema ya kumwuguza mumewe, naye anaomba azidi kutiwa nguvu." Ilikuwa sentensi nzuri. Akaisoma mara mbili, akaridhika.

Kisha akashika kazi iliyofuata, na hapa ndipo ninapotaka kumtikisa mabega. Ilikuwa ni somo la darasa la ubatizo, mwandiko wa mwalimu, mzee mmoja mstaafu wa reli. Somo lilieleza jinsi kanisa lilivyokua hapo mwanzo, wakati halina majengo wala vipaza sauti wala mkubwa wa kulitetea. Tauni iliingia mijini. Watu wakawakimbia wagonjwa wao, wengine wakawatupa barabarani wangali wanapumua. Wakristo wakawaokota, wakawaosha, wakawalisha, na wengi wao wakafa kwa kuwaosha. Waliopona hawakuwa na pa kurudi ila kwa wale waliowashika. "Hivyo ndivyo tulivyokuwa wengi," mwalimu aliandika. "Si kwa kuhubiri tu. Mtu alilia, na mlango ukafunguliwa." Mama Chapa alilipiga chapa somo lote, akasahihisha vituo viwili, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Machozi ya bure hayo. Ukuta ulikuwa pale pale, na cherehani ilikuwa bado ikikimbia.

Jumapili maombi yakasomwa. Watu wakaitikia amina. Fundi cherehani alikuwa safu ya nne, amenyoosha shingo. Mzee wa kanisa alipomaliza na kukunja karatasi, yeye aliendelea kumtazama, akidhani labda kuna ukurasa mwingine. Mama Chapa aliliona hilo. Akafungua kitabu cha nyimbo.

Wiki tatu zikapita. Ya nne, cherehani ikanyamaza siku mbili. Siku ya pili mchana Mama Chapa akafunga kibanda, akaenda mpaka nyumbani kwa jirani, vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari. Harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Mgonjwa alikuwa ameteleza nusu nje ya kitanda, na mkewe amekaa sakafuni, mgongo wake mwenyewe umekaza, ameshika miguu ya mumewe asije akaanguka kabisa.

"Tangu lini uko hivi?" Mama Chapa akauliza.

"Tangu alfajiri."

Wakamwinua wawili. Alikuwa mwepesi kuliko mtoto. Mama Chapa akauona ule mgongo, na sitausimulia. Akachemsha maji. Wakamwosha, wakamgeuza, na mgonjwa akasema "asante, mama" kwa sauti ndogo iliyokuwa na adabu zote.

Jioni hiyo, njiani, kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama Chapa alijaribu kumlalamikia Mungu. "Ulikuwa wapi?" alianza, kwa sauti, mpita njia akageuka. Hakuweza kuendelea. Mtu wa upande wa pili alikuwa ameombwa kwa maandishi, na maandishi yalifika mikononi mwake yeye mwenyewe.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wanakanisa maneno yaleyale ya penseli, na "Umelala?" ndani yake. Kesho yake wakaja sita, na yule mwalimu mstaafu wa reli na goti lake bovu, wakapangana zamu. Kwa siku tano mgonjwa aligeuzwa kila alipohitaji. Siku ya sita akafa. Daktari alisema vidonda vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Wangekuja mwezi mmoja nyuma, pengine. Hakumalizia sentensi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, fundi cherehani alimshika mkono Mama Chapa, akamkalisha kwenye benchi la ukumbi wa kanisa.

"Nataka nikushukuru peke yako," alisema. "Niliandika sandukuni. Sikutia jina. Ikafika Jumapili, langu halikusomwa. Nikasema basi, hata Mungu kalichana. Kumbe alikuwa anakutuma wewe."

Mama Chapa angeweza kunyamaza. Shukrani ilikuwa imeshatolewa, na maneno laini alikuwa nayo tele.

"Lilisomwa, jirani," alisema.

"Halikusomwa. Nilisikiliza yote."

"Nililibadilisha mimi. Lako ndilo lile la dada anayeshukuru, anayeomba azidi kutiwa nguvu."

 Fundi cherehani hakuuondoa mkono, ila ulikuwa umelegea.

"Lile nalikumbuka," akasema. "Nililiitikia amina kwa moyo wote. Kisha nikarudi nyumbani nikimwonea wivu huyo dada. Nikasema, mwenzangu anauguza na bado anashukuru, basi ana watu wa kumsaidia."